Kadi mbili za Quadro P2000 kwenye Proxmox: mashine pepe ya kwanza iko sawa, ya pili giza

kalamu_ya_ziwa

Wakuu, habari za kazi. Naomba anayefahamu vizuri habari za kupitisha kadi ya grafiki kwenda kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya seva) anisaidie. Maelekezo niliyosoma ni mengi na yanagongana.

Nina ofisi ndogo ya usanifu majengo hapa Mwanza. Wachoraji wawili wanashinda kwenye Revit na AutoCAD, na kompyuta zao zimechoka. Mtu akizungusha modeli ya jengo la ghorofa nne likiwa na mabomba na nyaya zake zote, picha inakwamakwama hadi anaachia kipanya na kusubiri. Bei ya kununua mashine mbili mpya za kazi hiyo sikuimudu. Nikapata HP Z440 moja ya mtumba, prosesa yake Xeon E5-1650 v3 ya kore 6, nikaiongezea RAM ikafika GB 64, na nikanunua kadi mbili za Quadro P2000 za GB 5 kila moja. Kwa kuwa Xeon hii haina grafiki ya ndani, nikaweka na GT 710 kuukuu kwa ajili ya seva yenyewe. Lengo ni kila mchoraji awe na Windows yake na kadi yake, aifikie kwa RDP (njia ya Windows ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kutoka kwenye kompyuta yake ileile ya zamani, ambayo sasa kazi yake itakuwa kuonyesha picha tu.

Nimeweka Proxmox VE 8, mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe. VT-d, uwezo wa prosesa wa kukabidhi kifaa kwa mashine pepe, imewashwa kwenye BIOS. Kwenye GRUB (programu inayoiwasha Linux) nina mstari huu:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet intel_iommu=on iommu=pt"`

Na kwenye /etc/modprobe.d/vfio.conf:

`options vfio-pci ids=10de:1c30,10de:10f1`

Namba ya kwanza ni ya kadi, ya pili ni ya kifaa chake cha sauti. Nikiangalia kwa `lspci -nnk`, kadi zote mbili zinasema zimeshikwa na vfio-pci, draiva inayoikabidhi kadi kwa mashine pepe. Kadi ya 03:00 (hiyo ni anwani ya sloti yake) nimeipa mashine pepe namba 101, imekubali vizuri, draiva ya NVIDIA imeingia na Revit imeitambua. Kadi ya 02:00 nimeipa mashine 102. Hii ndiyo kichwa kinaniuma. Mashine inaonekana inakimbia, lakini skrini iliyochomekwa kwenye kadi haitoi kitu, na logi ya seva inajaa mstari mmoja tu:

`vfio-pci 0000:02:00.0: BAR 1: can't reserve [mem 0xc0000000-0xcfffffff 64bit pref]`

Nimebadilishana kadi, ya juu ikaenda chini na ya chini ikaja juu. Tatizo limebaki na sloti ileile, halikuhama na kadi.

Kuna fundi hapa mjini amenishauri niizuie nouveau (draiva ya Linux ya kadi za NVIDIA) kabisa, mwingine anasema niweke ile kiraka ya ACS ya kuyagawa makundi ya vifaa, na wa tatu anasema mazabodi haifai ninunue nyingine. Sitaki kugusa chochote kabla sijaelewa. Jumatatu wachoraji wanatakiwa waanze kazi ya mteja mwenye haraka.

chipu_nairobi

Sasa dada. Mimi niko Nairobi na nilipitia shida inayofanana na hiyo kwa GTX 1060. Ilikuwa ni ile Error 43 ya NVIDIA: draiva ikigundua kwamba iko ndani ya mashine pepe, inakataa kufanya kazi. Ilibidi nifiche KVM (injini ya mashine pepe) kwenye mipangilio, niweke `hidden=1` kwenye mstari wa cpu. Jaribu hiyo kwanza.

Pia naomba wadau mnisaidie, nina RX 580 iliyotoka kwa mtu aliyekuwa anachimba sarafu za kidijitali. Ikipita kwenye mashine pepe mara ya kwanza iko sawa kabisa. Nikizima hiyo mashine na kuiwasha tena, kadi haiamki mpaka niwashe upya seva nzima. Kuna dawa?

fundi_wa_upanga

Dada kalamu, kule kubadilishana kadi kumetupunguzia kazi kubwa. Tatizo likibaki na sloti, kadi zote ni nzima, na pesa ya mazabodi usiitoe.

Ndugu yangu wa Nairobi, RX 580 nitakuja nayo chini. Kuhusu Error 43, hiyo ilikuwa kweli kwa kadi za GeForce. NVIDIA waliondoa kizuizi hicho kuanzia draiva ya 465 mwaka 2021, kwa hiyo mtu mwenye draiva ya sasa hana haja ya kuficha kitu. Na Quadro za daraja la P2000 hazikuwa na kizuizi hicho hata kabla ya hapo. Halafu tazama kosa linatokea wapi: Error 43 inaonekana ndani ya Windows, wakati hili la dada linatokea kwenye logi ya seva, kabla Windows haijapata nafasi ya kusema lolote.

Dada, naomba unijibu mawili. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha Z440, nembo ya HP inatokea kwenye skrini ya kadi ipi? Na unitumie matokeo ya hizi amri mbili:

`grep -B2 BOOTFB /proc/iomem`

`find /sys/kernel/iommu_groups/ -type l | grep -E "02:00|03:00"`

kalamu_ya_ziwa

Asante kaka. Nembo inatokea kwenye P2000 ya 02:00, siyo kwenye GT 710. Sikuwa nimelipa uzito jambo hilo kwa sababu baadaye maandishi ya Proxmox yanahamia GT 710.

Amri ya kwanza imetoa hivi:

`c0000000-d1ffffff : PCI Bus 0000:02`
`c0000000-cfffffff : 0000:02:00.0`
`c0000000-c07e8fff : BOOTFB`

Ya pili inaonyesha 02:00.0 na 02:00.1 zote ziko kundi la 33, na 03:00.0 na 03:00.1 ziko kundi la 34. Hakuna kifaa kingine ndani ya makundi hayo.

fundi_wa_upanga

Basi tumempata. Nitakueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu umesema unataka kuelewa, na kwa sababu kuna watu wengi wanaishia kuuza mashine nzima kwa tatizo hili hili.

Angalia ule mstari wa mwisho. Kutoka c0000000 hadi c07e8fff ni baiti 8,294,400. Gawanya kwa 4, kwa kuwa kila nukta ya skrini inachukua baiti 4, unapata 2,073,600, na hiyo ni 1920 mara 1080. Yaani hapo kuna picha moja kamili ya skrini yako, ile iliyobeba nembo ya HP. BIOS iliichora kwenye kumbukumbu ya kadi ya 02:00 kwa sababu ndiyo kadi iliyoichagua kuwakia. Linux ilipoamka ikakuta skrini tayari ina picha, ikasema eneo hili nalishika mimi ili niendelee kuandika maandishi yangu ya kuwaka. Eneo hilo ndilo linaloitwa BOOTFB.

Sasa BAR 1 ni dirisha la MB 256 ambalo kadi inajifungulia kwenye anwani za mashine. Mashine pepe inapowaka, vfio inataka dirisha lote, kutoka c0000000 hadi cfffffff, bila mtu mwingine ndani. Inakuta mwanzoni kabisa pameshikwa, inakataa, na kila inapojaribu inaandika tena kwenye logi. Ndiyo maana logi imejaa. Kwamba `lspci` inasema vfio-pci haitoshi: mkataba wa chumba umeandikwa kwa jina la mpangaji mpya, lakini dalali ameacha mizigo yake ndani. Eneo la BOOTFB linashikwa mapema sana, kabla ya draiva yoyote kupakiwa, kwa hiyo vfio.conf yako haiwezi kuliwahi.

Katika kazi hii yote ya kupitisha kadi kuna jambo moja ninalolisimamia kuliko mengine: kadi ya mgeni isiguswe na mwenyeji tangu umeme unapoingia. Isiguswe na BIOS, isiguswe na keneli (kiini cha Linux), isiguswe na draiva. Makosa mengi ambayo watu wanayaita ya NVIDIA, ya Proxmox au ya Windows, ukiyafuata hadi mwanzo wake utakuta kadi iliguswa kabla mgeni hajafika.

Kwako kuna njia mbili. Njia safi ni kuingia BIOS na kutafuta sehemu ya kuchagua kadi ya kuwakia, uiambie iwe GT 710. Mashine nyingi za ofisi za daraja hilo zina chaguo hilo, jina lake hubadilika kwa toleo la BIOS. Ukilipata, umemaliza, BOOTFB itahamia GT 710 na P2000 zote zitabaki hazijaguswa.

Njia ya pili ni kuizuia keneli isilishike eneo hilo. Maelekezo ya zamani yatakuambia uandike `video=efifb:off`. Kwenye keneli za Proxmox kuanzia 5.15 hiyo haisaidii tena, kwa sababu kazi hiyo ilihamia kwa sehemu nyingine. Sasa tunaandika:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet intel_iommu=on iommu=pt initcall_blacklist=sysfb_init"`

Kisha `update-grub` na kuwasha upya. Ila kabla ya hapo endesha `proxmox-boot-tool status`. Kama uliweka Proxmox juu ya ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski) na mashine inawaka kwa UEFI, inawezekana haitumii GRUB kabisa, inatumia systemd-boot, na hapo mstari unaandikwa kwenye /etc/kernel/cmdline halafu `proxmox-boot-tool refresh`. Nimeona watu wakihariri faili la GRUB usiku kucha kwenye mashine isiyolisoma. Ukishawasha, `cat /proc/cmdline` ndiyo shahidi: kama maneno hayamo humo, hayajafika.

Jua pia kwamba baada ya kuandika hivyo, skrini ya seva itakuwa nyeusi kwa muda mwanzoni, hadi nouveau ichukue GT 710. Kwa hiyo hakikisha unaweza kuingia kwa ssh au kwa ukurasa wa wavuti wa Proxmox, ule wa 8006, kutoka kompyuta nyingine kabla hujaanza.

Hapo ndipo ushauri wa kuizuia nouveau unapokuwa mbaya kwako. Aliyekushauri amezoea seva ambayo kadi zote za NVIDIA zinakwenda kwa wageni. Wewe GT 710 ni ya mwenyeji na inaitegemea nouveau. Ukiizuia, siku mtandao wa ofisi ukikorofisha hutakuwa na skrini ya kuingilia. Badala yake ongeza mistari hii miwili kwenye vfio.conf yako, ili vfio ipakiwe kwanza ichukue za kwake, ndipo wengine wafuate:

`softdep nouveau pre: vfio-pci`
`softdep snd_hda_intel pre: vfio-pci`

Halafu `update-initramfs -u -k all`. Hili linawezekana kwa sababu namba za GT 710 ni 10de:128b na sauti yake 10de:0e0f, tofauti na za P2000. Ungekuwa unataka P2000 moja ibaki ya seva na moja iende kwa mgeni, namba zingefanana na ungelazimika kuzitenganisha kwa anwani ya sloti.

Kiraka ya ACS usiiweke. Makundi yako ni safi, kila kadi na sauti yake peke yao, huna unachokitafuta huko. Na hata kama yasingekuwa safi, ningekusihi usiiweke kwenye ofisi. IOMMU ni mlinzi anayeamua kifaa kifikie kumbukumbu ipi, na kundi la IOMMU ni vifaa ambavyo haviwezi kuthibitisha kwamba vimetengwa, vinaweza kupelekeana data bila kupita kwa mlinzi huyo. Kiraka ile haivitenganishi. Inaiambia keneli ivihesabu kama vimetengwa, basi. Nyumbani kwa mtu anayecheza gemu, sawa, ni mashine yake na data yake. Wewe una michoro ya wateja tofauti kwenye mashine mbili pepe, na ulichowaahidi ni kwamba haichanganyiki. Hii ndiyo sababu hizi Xeon za mtumba nazipenda: sloti zinazotoka kwenye prosesa kwa kawaida zinakuja zimetengwa vizuri, wakati mazabodi za bei nafuu za nyumbani mara nyingi zinalundika sloti ya pili, kadi ya mtandao na USB kwenye kundi moja. Anayetaka kununua mashine kwa kazi hii akaone makundi kwanza. Nenda dukani na flashi yenye Linux, omba waiwashe, endesha ile amri ya `find`. Kariakoo kuna wauzaji wanaokubali ukiwaeleza vizuri.

La mwisho kwa leo. Kwa kuwa kadi ya 02:00 iliwakia BIOS, nakala ya ROM yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) ambayo mgeni anaiona inaweza kuwa imeguswa. Bahati nzuri una kadi ya pili inayofanana nayo ambayo haikuguswa. Zima mashine 101, kisha:

`cd /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0`
`echo 1 > rom`
`cat rom > /usr/share/kvm/p2000.rom`
`echo 0 > rom`

Kwenye mashine 102 ongeza `romfile=p2000.rom` kwenye mstari wa hostpci0. Usichukue ROM ya kupakua mtandaoni wakati unayo ya kwako mwenyewe ndani ya kasha.

kalamu_ya_ziwa

Kaka, Mungu akubariki. Nimetumia njia ya keneli pamoja na ROM ya kadi ya pili. BOOTFB haipo tena kwenye /proc/iomem, logi imetulia, na mashine 102 imewaka na picha kwenye skrini. `proxmox-boot-tool status` ilionyesha natumia GRUB, kwa hiyo mstari ulikuwa mahali pake. Nouveau sikuizuia, na GT 710 inaonyesha maandishi kama kawaida.

Lipo jingine. Nikikaa mbele ya skrini iliyochomekwa kwenye kadi, Revit inateleza kabisa. Mchoraji akiingia kwa RDP kutoka mezani kwake, modeli ileile inarudi kukwama, karibu kama mwanzo. Kwenye mashine zote mbili ni hivyo. Swichi yetu ni ya giga moja na waya ni mpya. Je, ni mtandao au ni kadi?

fundi_wa_upanga

Kadi iko sawa na mtandao wako unatosha. Nionyeshe mashine 101: kwenye orodha ya vifaa kuna mstari wa Display? Kama umeacha Default ili uendelee kuiona konsoli ya Proxmox kwenye ukurasa wa wavuti, basi Windows ina kadi mbili, ile ya kuigiza ya Proxmox na P2000. Ya kuigiza ndiyo inayoonekana ya kwanza, na kikao cha RDP kinashikamana na ya kwanza. Ukikaa mbele ya skrini ya P2000 unaiona P2000, ukija kwa RDP unachorewa na prosesa.

Iondoe hiyo ya kuigiza: `vga: none`, na kwenye hostpci0 weka `x-vga=1`. Kabla hujaiondoa hakikisha RDP inakubali na anwani ya mashine haibadiliki, kwa sababu konsoli ya wavuti itakuwa giza kuanzia hapo.

Kisha ndani ya Windows fungua gpedit.msc, ingia kwenye mipangilio ya kompyuta, Administrative Templates, Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Session Host, Remote Session Environment, na uwashe sera inayoitwa "Use hardware graphics adapters for all Remote Desktop Services sessions". Mwenye Windows Server hana budi kuiwasha, maana huko isipowashwa vikao vyote vinachorwa na prosesa. Kwa Windows ya mezani iwashe pia, haina hasara.

Kuna jambo moja dogo ambalo wachoraji watakushukuru. RDP inajifunga kwenye picha 30 kwa sekunde. Kwa kuandika barua hakuna anayeona, ila kwa mtu anayezungusha jengo siku nzima jicho linachoka. Kwenye regedit nenda `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Terminal Server\WinStations`, ongeza DWORD inayoitwa `DWMFRAMEINTERVAL`, thamani 15 kwa desimali, uwashe upya. Inapanda hadi 60.

Kama siku moja mtataka kitu chepesi kuliko RDP, kuna Sunshine upande wa seva na Moonlight upande wa mchoraji. Hizo zinatumia kisimbaji cha video kilicho ndani ya kadi yenyewe. Ila zinataka kadi iamini ina skrini, na P2000 ina matundu manne ya DisplayPort, hivyo utatafuta plagi bandia ya DisplayPort, ile ndogo inayochomekwa ikajifanya skrini.

mwana_forodhani

Assalamu alaykum nyote. Mimi nipo Unguja, ninahudumia maabara ya kompyuta ya chuo. Naomba kuuliza bila kuharibu mada ya dada: kwa nini kununua kadi kwa kila mtu? Zamani kwenye Hyper-V tulikuwa tunaigawa kadi moja kwa mashine pepe kadhaa. Na je, hiyo RAM ya GB 64 inawatosha, ikiwa kila mmoja amepewa nyingi?

fundi_wa_upanga

Wa alaykumu salaam, sheikh. Ulichokuwa unakitumia ni RemoteFX vGPU. Microsoft waliizima kwa sababu za usalama Julai 2020 na kuiondoa kabisa Aprili 2021, kwa hiyo hata ukiwa na seva ya zamani usiirudie. Hyper-V ina njia ya kukabidhi kifaa kizima, wanaiita DDA, tangu Windows Server 2016, na hiyo kimsingi ni hiki hiki tunachofanya hapa.

Kugawa kadi moja kihalali kwa upande wa NVIDIA kunataka kadi zilizo kwenye orodha yao, kama Tesla T4 (M10 na P4 zilikuwemo zamani), pamoja na leseni ya kila mtumiaji na seva ya leseni. P2000 haimo. Kwa maabara ya wanafunzi thelathini nadhani uipigie hesabu njia hiyo. Kwa watu wawili kama ofisi ya dada, kadi kwa kila mtu ni nafuu, na mmoja akielemea kadi yake mwenzake hasikii. Ukiona P4 ya mtumba ikakuvutia, kumbuka haina feni wala tundu la skrini. Imetengenezwa kwa seva za rafu ambazo upepo unasukumwa ndani yake kwa nguvu, ukiiweka kwenye kasha la mezani bila kuipangia upepo itachemka.

Kuhusu RAM umeuliza swali zuri, na dada naye asikie. Mashine yenye kadi iliyopitishwa inashika RAM yake yote tangu inapowaka, kwa sababu kadi inaandika moja kwa moja kwenye anwani hizo na haziwezi kuhamishwa. Ile ballooning, ya mashine pepe kukopeshana RAM, haifanyi kazi, izime kwa `balloon: 0`. Kwa hiyo hesabu ni ya kweli, siyo ya matumaini: GB 24 mara mbili ni 48, zinabaki 16 za seva. Kama mna ZFS, iwekee mpaka, kwa mfano `options zfs zfs_arc_max=4294967296` kwenye /etc/modprobe.d/zfs.conf, hiyo ni GB 4, kisha endesha tena `update-initramfs -u -k all`. Bila mpaka, ZFS kwenye mashine zilizowekwa zamani inaweza kujichukulia hadi nusu ya RAM, na mashine ya pili ikakosa nafasi ya kuwaka. Vilevile sahau kuhamisha mashine kwenda seva nyingine ikiwa inakimbia, na sahau kuchukua picha ya hali ya mashine (snapshot) pamoja na RAM. Nakala za akiba za diski zinaendelea kama kawaida.

Ndugu wa Nairobi, RX 580 ni Polaris, na hizo zina ugonjwa unaojulikana: zikishatumiwa na mgeni hazijui kujirudisha katika hali ya mwanzo. Kuna moduli ya keneli inaitwa vendor-reset, inashughulikia Polaris, Vega na Navi za mwanzo. Isakinishe kwa dkms, na kwenye keneli 5.15 kwenda mbele uiambie kadi itumie njia hiyo:

`echo device_specific > /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/reset_method`

Badilisha anwani iwe ya kadi yako, na uiweke amri hiyo kwenye huduma ya systemd maana inasahaulika kila seva inapozimwa. Kama bado hujanunua ya pili, tafuta NVIDIA.

chipu_nairobi

Shukran sana boss. Imeshika. Nimezima na kuwasha mashine pepe mara kadhaa na kadi inaamka kila mara. Nimeiweka kwenye systemd vile umesema.

kalamu_ya_ziwa

Kaka fundi, imekubali. Baada ya kuondoa kadi ya kuigiza, mchoraji ameingia kwa RDP na jambo la kwanza alilofanya ni kuzungusha lile jengo lote likiwa na mabomba, akaniita nikaone. Baada ya DWMFRAMEINTERVAL tofauti inaonekana hata kwa mtu anayepita nyuma yake.

Naweka hapa faili la mashine 102 kwa atakayepita baadaye akiwa na Z440 kama yangu. Nimeacha nje mistari ya diski na mtandao.

`agent: 1`
`balloon: 0`
`bios: ovmf`
`cores: 5`
`cpu: host`
`hostpci0: 0000:02:00,pcie=1,x-vga=1,romfile=p2000.rom`
`machine: q35`
`memory: 24576`
`onboot: 1`
`ostype: win10`
`startup: order=2`
`vga: none`

Mashine 101 ni hivyohivyo, ila kadi yake ni 03:00, haina romfile, na startup yake ni `order=1,up=60`. Zile sekunde 60 nimeziweka kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika, mashine zote mbili zilikuwa zinataka kushika RAM na diski kwa pamoja. Sasa ya kwanza inawaka, ya pili inafuata.